Ukuta Usiouza

Kuta za Kariakoo hazinyamazi. Kinyozi huchora kichwa mlangoni pake, fundi cherehani gauni, na mwenye mgahawa kuku aliyenona kuliko yule wa sahanini. Michoro hiyo twaipenda, ila yote yauza kitu. Nasi tupitao Mtaa wa Msimbazi kila asubuhi kwenda kazini hujiuliza: uko wapi ukuta unaomweleza mpita njia kwamba yeye ni nani?

Ukuta wa namna hiyo uko Kenya, nao ni kazi ya mwana wa Marangu, Kilimanjaro. Elimo Njau alizaliwa mwaka 1932, akasomea uchoraji Makerere kwa Bibi Margaret Trowell. Mwaka 1959 alichora picha tano kubwa katika kanisa la Murang'a, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Yesu aliyemchora ni Mwafrika, azaliwaye na kusulubiwa katika nchi ya Wagikuyu. Mtu asidhani hilo lilikuwa jambo dogo. Kenya ilikuwa bado koloni, hali ya hatari haijaondolewa, na picha za dini zilizozoeleka zilikuwa za Kizungu. Waliofiwa waliuona msiba wao umebebwa na uso unaofanana na wao.

Uchoraji huo haukumtenga na ualimu. Mwaka 1965, pamoja na wenzake, alianzisha Paa ya Paa mjini Nairobi, nyumba ya maonyesho na mafunzo, akiwahimiza vijana wasiige. Moto wa mwaka 1997 uliteketeza kazi nyingi zilizohifadhiwa humo. (Hasara hiyo ni ya Afrika Mashariki nzima, japo huku kwetu haikusemwa sana.)

Kariakoo nayo yaujua moto. Soko alilolisanifu Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975, liliungua Julai 2021, kisha likakarabatiwa. Wakati huohuo nyumba za mabaraza zaendelea kubomolewa kupisha maghorofa. Katika kikao kimoja tulipendekeza ukuta mmoja wa mtaani waachiwe wanafunzi wauchore habari za wachukuzi wa vita vya kwanza, ambao ndio asili ya jina la Kariakoo. Tukaulizwa ni kampuni gani itakayolipia tangazo.

Ombi letu liko palepale: ukuta mmoja, upande yanakoshushwa magunia, mwalimu wa uchoraji na wanafunzi wake.