Mita Sita za Kijani

Jamani, wapo wanandoa wanaonuniana kwa sababu ya meseji za usiku wa manane. Sisi tulinuniana kwa sababu ya kitambaa. Mita 6, rangi ya kijani.

Mimi na baba watoto tuna studio ndogo ya picha na video hapa Lalago, wilayani Maswa. Kwa asiyepajua, huku ni mkoa wa Simiyu, kwenye pamba, na biashara yetu inafuata pamba hiyohiyo: wakulima wakishalipwa, harusi zinafumuka na sisi tunapumua. Msimu wa 2019 walikuja wachumba wawili wakitaka video ya mwaliko na picha za ukumbusho, wakiwa wamesimama ufukweni Zanzibar. Nauli ya Zanzibar hawakuwa nayo. Bibi harusi mtarajiwa alinambia hajawahi kuiona bahari, "lakini dada, harusi ni mara moja, nifanyie hata ya uongo."

Uongo huo ndio unaotaka kitambaa cha kijani. Unakitundika nyuma ya mtu, unapiga, kisha unaiambia kompyuta iondoe kila kilicho cha kijani na kuweka bahari mahali pake. Wateja huuliza kwa nini kijani. Ngozi ya binadamu, iwe nyeusi tii au nyeupe, haina kijani kikali kama kile. Halafu kamera nyingi za kidijitali zinafuata mpangilio aliobuni Bryce Bayer wa Kodak miaka ya 1970: vijicho vya kuona kijani ni mara mbili ya vile vya kuona nyekundu au bluu. Kwa hiyo kijani ndicho kinachonaswa kisafi zaidi.

Basi, mume wangu akapanda gari kwenda Mwanza na shilingi 150,000, pesa yangu ya kikoba. Nilimsisitizia: kitambaa kizito, kisichong'aa. Akarudi kutoka Makoroboi na satini inayometameta kama gauni la matroni. "Cheki mke wangu, cheki inavyong'aa!" Anasema kwa furaha, mimi nalia moyoni.

Na mimi nisijifanye malaika. Wiki moja kabla yake, katika kubana matumizi, nilinunua marekani nikaichemsha na rangi ya nguo kwenye sufuria kubwa. Ikatoka mabaka, huku kijani cha majani mabichi, huku cha mlenda uliolala. Alicheka mpaka akakaa chini. Sasa nadhani ile satini ilikuwa jibu lake kwangu.

Advansi tulishakula, ikabidi tupige hivyohivyo. Loo! Taa zikagonga satini na kuchora doa jeupe katikati, na kompyuta haikulitambua kuwa ni kijani, likabaki linaelea baharini kama mfuko wa nailoni. Mikunjo ya kifurushi ikawa mistari angani. Kibaya zaidi, kitambaa kinachong'aa kinarudisha rangi yake kwa aliye mbele yake. Tuliwasimamisha karibu mno, na bibi harusi alikuwa amejipaka mafuta vizuri kama tulivyofundishwa na mama zetu. Mashavu na mabega yakashika ukijani. Gauni jeupe ndiyo usiseme.

Alipoziona alinyamaza kwanza. Kisha: "Dada, mbona nimekuwa kama mgonjwa?"

Zilibaki wiki 3. Nyumbani tukawa tunaongea kupitia watoto, "mwambie baba yako chakula kiko mezani," mambo hayo. Nilikuwa na hasira na pesa yangu. Yeye, nilikuja kujua baadaye, alikuwa na aibu. Alikuwa ametaka kuniletea kitu kizuri, basi.

Siku ya nne nikachukua satini nikampelekea jirani yetu, fundi cherehani, mama mtu mzima, ili aikate iwe foronya tuziuze. Akaishika, akaifinya, akaigeuza. "Mwanangu, mbona mgongo wake haung'ai?"

Nilisimama pale kama nimemwagiwa maji. Kweli, satini ina uso na mgongo. Mgongo umefifia, mwanga ukiupiga unatawanyika badala ya kurudi kama kioo. Rangi ni ileile, imelingana kote. Tatizo likabaki wepesi wake, maana ukitundika dirishani mwanga unapenya na kuleta vivuli. "Itie bitana," fundi akasema. Bitana gani? Marekani yangu ya mabaka, jamani.

Akashona vyote viwili pamoja, akaacha upindo juu wa kupitisha bomba. Tangu siku hiyo hatukikunji, tunakizungusha kwenye bomba kama mkeka. Tulikipiga pasi, tukakivuta pembeni kwa vibanio vya nguo mpaka kikanyooka, tukawasogeza maharusi mbele hatua 3 kubwa. Taa 2 tukazielekeza kwenye kitambaa tu, moja kila upande, na nyingine kwa watu. Mafuta tukayapunguza kwa poda. Shela ilitupa shida kwa sababu ya uwazi wake, kijani kilipita katikati ya nyavu, nikairudisha nyuma ya mabega, na mume wangu akakesha kompyutani kusafisha kingo. Nilimpelekea chai saa 8 usiku. Hatukuongea sana, ila alinisogezea kiti.

Kama unaanza leo na una pesa, nenda moja kwa moja kwenye kitambaa kizito kinachovutika, cha jamii ya jezi, kisichong'aa. Hakishiki mikunjo ovyo. Kama una ukuta wa bure, rangi ya maji isiyong'aa inashinda vitambaa vingi. Sisi hatukuwa na kimoja wala kingine.

Bibi harusi alikuja kuchukua kazi yake na bibi yake. Bibi akaishika picha muda mrefu, akamgeukia mjukuu kwa ukali: mlikwenda huko lini, na nani aliwapa ruhusa?

Kitambaa bado tunacho. Wateja wakikisifia, baba watoto huwaambia alikichagua mwenyewe, Mwanza.