Watamu na Wageni wa Mshipi

Mwezi wa Januari uliopita tulijaaliwa kufika Watamu, kijiji cha wavuvi kilicho kusini ya Malindi katika pwani ya Kenya. Kutoka Mombasa tulivuka daraja la Kilifi, tukapita kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, na penye njia panda ya Gede tukashika mkono wa kulia kuelekea baharini. Tulimwendea kijana mmoja tuliyemsomesha juzuu zake za mwanzo. Leo yeye ni nahodha wa mashua ya mashine ichukuayo wageni wanaovua kwa starehe, na babaye, mvuvi wa jarife tangu ujana wake, hairidhii kazi hiyo.

Uvuvi huu si jambo la jana katika pwani yetu. Mwandishi wa Marekani, Ernest Hemingway, alikuja kuvua Malindi mwaka 1934, na hoteli moja ya Watamu imechukua jina lake hadi leo. Wageni huja wakati wa kaskazi, bahari inapotulia, wakimtafuta sulisuli na jamaa zake wenye pua ndefu kama mkuki, kwa kuwa maji makubwa hayako mbali na pwani. Mashua huondoka alfajiri, hurambaza mchana kutwa, na hurejea jioni hali imepandisha bendera ndogo kwa ajili ya sulisuli waliopatikana. Nasi tulichukuliwa siku moja. Habari za safari hiyo ni fupi, maana tumbo letu lilitukataa kabla jua halijapanda, na mabaharia walikuwa na adabu ya kutazama upande mwingine.

Kabla ya hapo, hata hivyo, tuliona jambo lililotustaajabisha. Sulisuli alinasa, akaruka juu ya maji mara tatu, mgeni akapigana naye hata akalowa jasho. Alipofikishwa ubavuni mwa mashua alichomwa alama ndogo yenye nambari, kisha akaachwa aende zake. Nahodha alitueleza kwamba akivuliwa tena mahali pengine, wataalamu watajua alikopita na amekua kiasi gani. Samaki anayeliwa, kama jodari na nguru, hakuachwa, na katika mashua ile samaki ni mali ya mashua: baadhi huuzwa, na mabaharia nao hupata cha kupeleka nyumbani.

Mzee aliposikia habari ya samaki kuachwa alicheka kwa uchungu. “Mimi nikimwacha samaki, watoto wangu watakula nini?”

Swali lake ni la haki, lakini mwanawe alikuwa na hesabu. Mgeni hanunui nyama ya sulisuli. Hununua siku nzima ya bahari, na samaki yule yule aliyeachwa aweza kumleta mgeni mwingine kesho. Katika fedha ya siku ile hutoka ujira wa nahodha na mabaharia wawili, bei ya mafuta, na kazi ya fundi wa mashine. Tena kuna vijana wanaovua chambo usiku na kuwauzia wenye mashua, dereva wa tuktuk, mama wa mahamri aliye macho saa kumi za usiku, na mwenye kupangisha chumba. Tulikaa barazani tukiwahesabu watu wa mtaa ule mmoja wanaopata riziki kwa njia hiyo, tukafika kumi na tisa kabla ya adhana ya magharibi.

Walakini mzee naye hakukosa hoja. Kusi ikivuma, mashua hupandishwa pwani na ujira wa wengi hukatika. Mwaka 2020, ndege za abiria kutoka nje zilipozuiwa kuanzia mwezi wa Machi hadi Julai, mwanawe alirudi kwake kuomba nafasi katika jarife, naye alimpa bila ya neno. Lililomchoma zaidi ni kwamba mashua nyingi anazoziona si za watu wa kijiji, na kwamba njia aliyopitia babu yake kushuka pwani leo imezibwa na ukuta wa nyumba ya mgeni.

Tuliona, na bado twaona, kwamba baba na mwana walikuwa wakisema jambo moja. Kazi ile ina faida. Lakini kijana anayeijua bahari hii kama kiganja chake hupokea ujira na bakhshishi, na sehemu kubwa humwendea mwenye chombo. Tulimwuliza kama mabaharia wamepata kuungana wanunue mashua yao. Alijibu kwamba wako watano, kila mmoja huweka fungu la bakhshishi yake kila mwisho wa juma, na kwamba mashine ndiyo ghali, si mbao.

Mzee alikuwa kimya muda mrefu. Kisha akauliza mbao hizo watanunua wapi, kwani yeye anamfahamu fundi mmoja wa Lamu asiyedanganya.