Si Kila Avumaye ni Nyuki

Ndugu msomaji, je, umewahi kumwogopa mdudu asiye na mwiba? Mimi nimewahi.

Shamba letu la kahawa liko kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Asubuhi moja mibuni ilikuwa imechanua. Nilimwona mdudu mnene akivuma mbele ya ua. Mwili wake ulikuwa wa kijani na manjano, na mkanda mwekundu tumboni. Mabawa yake yaling'aa kama kioo. Nilidhani ni nyuki mkubwa. Mwaka uliotangulia mwanangu aliumwa na nyuki, akavimba uso. Basi nilikwenda kuchukua bomba la dawa.

Njiani nilikutana na baba mkubwa. Yeye hufuga nyuki.

"Mwanangu, bomba la nini wakati wa maua?"

"Nakwenda kuua nyuki, baba."

"Weka bomba chini. Twende tukamtazame."

Tulisimama kimya. Baba mkubwa alinionyesha mambo matatu. Kwanza, nyuki hutua juu ya ua, lakini huyu alielea hewani. Pili, alikunywa kwa mrija mrefu kama uzi. Alipomaliza, aliukunja. Tatu, hakuwa na mwiba.

"Huyu ni nondo," alisema. "Nondo wengi huruka usiku. Huyu huruka mchana. Akizaliwa, mabawa yake yana vumbi. Akiruka mara ya kwanza, vumbi hupukutika, mabawa yanabaki kama kioo. Basi huonekana kama nyuki."

Niliona aibu. Katika maua yale yale nyuki wa kweli walikuwa kazini. Nyuki huchukua unga wa ua moja na kuupeleka kwenye ua jingine. Bila kazi hiyo, maboga yetu hayazai. Dawa yangu ingewaua nyuki wale. Nani angefanya kazi yao?

Nondo huyu naye ana hasara yake. Kiwavi wake hula majani ya mbuni. Ana pembe ndogo nyuma. Siku hizi nikimwona, namtoa kwa mkono. Sipulizi dawa kwenye maua.

Ndugu msomaji, kesho ukiwa shambani, simama mbele ya maua. Je, mdudu ametua au anaelea? Tazama kwanza. Bomba halikimbii.