Jenereta la Jeshi Lililogoma Mufindi

Ukitoka Iringa mjini kuelekea Mbeya, chukua sweta hata kama jua ni kali. Baada ya kilomita kama 80 utafika Mafinga, na huko, hasa mwezi wa Juni na Julai, baridi haina mzaha. Misonobari ya Sao Hill imejipanga kando ya barabara, na ukikata kushoto kwenda kwenye mashamba ya chai ya Mufindi, ukungu unaweza kukaa mpaka saa nne asubuhi. "Kamwene," akina mama wanakusalimia njiani, mikono wameificha ndani ya khanga.

Huko ndiko tulikokwenda, akina mama wanne wa kikundi chetu, kutembelea kituo cha afya cha kanisa. Tulibeba sabuni, mashuka na nguo za watoto wachanga. Siku mbili karibu zote tulizimaliza nyuma ya jengo, mbele ya jenereta.

Nguzo za umeme zimefika, nasi tunashukuru. Lakini mti ukiangukia waya wakati wa mvua, kijiji kinaweza kukaa gizani siku kadhaa. Kituoni kuna mashine ya oksijeni, kuna jokofu la chanjo ambalo halitakiwi kutoka nje ya nyuzijoto 2 hadi 8, na kuna taa ya chumba cha kuzalia. Usiku kabla hatujafika, mama mmoja alijifungua kwa mwanga wa simu iliyoshikwa na mama mkwe wake. Mtoto alikuwa mzima, lakini muuguzi alituambia kuwa kwa muda hakuweza kuona damu inatoka wapi. Tuliposikia hivyo tuliacha chai mezani.

Jenereta lenyewe ni la jeshi la Marekani, la kilowati 10, rangi ya kijani. Jeshi lilipomaliza nalo likauzwa, likafika kwa kontena la misaada. Ni mashine imara, ila aliyeitengeneza hakumfikiria muuguzi aliye peke yake usiku. Ina hata swichi ya vita: ukiiwasha, injini haijizimi yenyewe hata oili ikipungua, kwa kuwa vitani afadhali injini ife kuliko umeme ukatike. Kituoni swichi hiyo haina kazi. Ibaki imezimwa na kufunikwa.

Fundi aliyeitwa ni mzee aliyezoea mashine za kiwanda cha chai. Hakushika spana kwanza.

"Mwanangu, likigoma linalia vipi?" alimwuliza muuguzi.

"Linasema tk-tk tu, Baba, halafu kimya."

"Basi tuanze na betri."

Majenereta haya huanzishwa kwa volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa kufuatana. Moja ilikuwa nzima, ya pili imekwisha kabisa. Sababu ilionekana mara moja: mtu alivuta waya kutoka betri moja tu ili watu wachaji simu. Kila jioni betri ile hunyonywa peke yake, na jenereta linapochaji huzichaji zote mbili kama kitu kimoja, hivyo moja inabaki na njaa na nyingine inazidishiwa. Ongeza baridi ya Mufindi, ambayo huipunguzia nguvu betri yoyote. Mzee aliukata waya ule, akasafisha vichwa kwa maji ya moto na magadi, akaazima betri mbili zinazofanana kwenye lori la mbao.

Stata ikazunguka vizuri, lakini injini haikuwaka. Hapo alitutuma tutazame bomba la moshi, kazi ambayo mama yeyote anaiweza. Stata inapozunguka bila moshi wowote, dizeli haifiki. Ukitoka moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi, dizeli inafika ila haishiki moto. Hatukuona moshi. Pampu ndogo ya umeme ilisikika ikigonga, kwa hiyo umeme ulikuwa unafika pale. Akafungua tundu la chini la chujio juu ya chupa ya kioo: yakatoka maji, kama kikombe cha kahawa, kisha tope, ndipo dizeli. Tangi likiachwa nusu, hewa ya ukungu hukaa ndani, na usiku wa baridi hutoa jasho. Maji ni mazito kuliko dizeli, basi hushuka chini na kungoja.

Baada ya kutoa upepo kwenye mabomba, tuliona moshi mweupe. Kijana mmoja akakimbilia tambara la mafuta aliwashe mbele ya mdomo wa hewa, kama madereva wa malori wafanyavyo alfajiri. Mzee alimzuia kwa mkono. Injini ile ina hita zake, na wakati wa baridi hushikiliwa swichi hadi dakika moja kabla ya kupiga stata. Dawa ya kupulizia, ile ya etha, ikikutana na hita zenye moto inaweza kulipuka. Tukahesabu hadi sitini kwa sauti kama watoto wa darasa la kwanza. Likawaka, mabati yakatetemeka.

Kabla ya kuunganisha wodi, alizima swichi kuu inayotoka kwenye nguzo, umeme usirudi kwenye laini na kumwua anayeitengeneza huko mbele. Akahakikisha pia kuwa bomba linatoa moshi nje, mbali na madirisha, kwa maana moshi wa jenereta umeua familia nzima usingizini.

Chujio lilikuwa limechoka. Hatukulipata Mafinga wala Makambako, pale inapochepuka barabara ya Songea. Tukaendelea na safari yetu ya Mbeya, tukashuka Usangu kwenye mpunga na joto la Chimala, sweta zikaingia mfukoni, tukapanda tena Uyole. Sokoni Mwanjelwa, muuzaji alilinganisha nyuzi za skrubu na mpira wa chujio kuukuu, akatuletea la trekta lililoingia sawasawa. Tulinunua matatu, tukayatuma Mafinga kwa basi ndani ya boksi la mkate.

Sasa muuguzi hulimwaga maji chujio kila Jumamosi, kisha huliwasha jenereta nusu saa likiwa na mzigo. Tangi hujazwa jioni. Kamati imechangisha betri mbili mpya za aina moja, na mwenye lori amerudishiwa zake. Wenye simu wanangoja umeme wa ukutani.