Mtu wa Mwala na mashua, wapi na wapi?

Najua, msomaji, ukisikia mtu wa Mwala anazungumzia mashua utacheka. Kwetu hakuna ziwa. Tuna Mto Athi upande mmoja, na vijito vya mchanga ambavyo hupata maji mvua ikinyesha na kukauka kabla nguo hazijakauka kwenye kamba. Mtoto wa Mwala hujifunza kupanda punda kabla ya kujifunza kuogelea, na wengi wetu hatukufika kwenye hilo somo la pili hadi leo.

Lakini Machakos hii hii yetu ndiyo inayopakana na Bwawa la Masinga, lililojengwa kwenye Mto Tana na kukamilika mwaka 1981. Likijaa, maji yake hufunika kilomita za mraba 120 hivi. Watu waliozaliwa na jembe mkononi walijikuta wana ziwa mlangoni, wakaanza kuvua ngege na kambare. Kaka yangu mkubwa ni mmoja wao. Aliacha shamba la mahindi yaliyokuwa yakikauka kila msimu wa pili, akanunua mashua ya mbao kwa fedha za ng'ombe wawili wa mama, na kwa mashua hiyo watoto wanne wamevaa sare za shule.

Basi ninayokuandikia leo ni habari za sehemu ya mashua ambayo abiria haoni. Huenda Desemba hii utawapeleka watoto Naivasha, Kisumu au Lamu, na kijana mchangamfu atakukaribisha chomboni kwa tabasamu. Kabla hujakanyaga, inama utazame chini ya pua ya mashua.

Mabaharia wa pwani huita sehemu ya mbele omo, na ule mti mrefu wa chini unaobeba chombo chote huitwa mkuku. Ndio uti wa mgongo. Mbavu zinazoinuka kutoka kwenye mkuku ni mataruma, na mbao za ubavuni hupigiliwa juu ya hayo mataruma. Mahali panapoumia kwanza ni pale omo inapokutana na mkuku. Fikiria: mashua inarudi ufuoni na nyavu, samaki na watu watatu. Uzito wote huo hutua mahali pasipozidi upana wa kiganja, kisha watu huruka majini na kuivuta juu ya changarawe. Kesho tena, na keshokutwa. Msasa wa fundi seremala haufanyi kazi hivyo.

Masinga ina ubaya wake zaidi. Ufuo wake si mchanga laini wa Bamburi. Ni mawe na kokoto, na isitoshe maji yake hupanda na kushuka kwa kiasi kikubwa. Mwaka 2009 ukame ulipozidi, kituo cha umeme cha Masinga kilifungwa kwa sababu bwawa lilikuwa limepungua mno. Jiwe ambalo mwezi uliopita lilikuwa mbali chini ya maji, mwezi huu linangoja mkuku wako.

Labda utauliza, tundu dogo lina neno gani? Hebu tufanye hesabu pamoja, nanyi wanafunzi mnisahihishe. Tuseme mashua inavuja kikombe kimoja cha chai kwa dakika, yaani robo lita. Kwa saa moja ni lita 15. Ukikaa majini saa tano una lita 75, na lita 75 za maji zina uzito wa kilo 75. Huyo ni mtu mzima mwenye afya, ameingia bila kulipa nauli. Tena ni mtu asiyeketi. Mashua ikiinama kushoto, maji yote hukimbilia kushoto na kuizidisha kuinama. Mzigo wa gunia hukaa pale ulipouweka, lakini maji hukufuata upande wa hatari. Ndiyo sababu mvuvi mwenye akili hukumba maji mapema, hangoji yafike kifundoni.

Nilipomtembelea kaka Masinga mwaka fulani, mwezi wa Novemba, nilikuta mwanawe, kijana aliyekuwa amemaliza darasa la nane, ndiye aliyepewa kazi hiyo ya kukumba. Alikaa nyuma na kopo la mafuta ya kupikia lililokatwa, akichota na kumwaga, akichota na kumwaga, huku baba yake akitega nyavu. Kaka alijisifu kwamba omo ilikuwa imekwisha kutengenezwa. Fundi mmoja wa pale ufuoni alikuwa ameivisha kipande cha bati, akakipigilia misumari, akapaka lami juu yake. Ilimeremeta kama kiatu cha askari.

Marehemu baba yetu alikuwa seremala Mombasa miaka mingi, na karakana yake ilikuwa karibu na mafundi wa majahazi. Likizo zetu za shule tulizipitisha hapo. Kwa hiyo nilichukua bisibisi, nikagonga ile omo kwa mpini wake. Mti mzima hulia kama mlango unaobishwa. Mti ule ulijibu kwa sauti ya gunia la unga. Nikamwambia kaka kwamba bati litolewe.

Alikasirika. Alisema mashua ikipanda nchi kavu hata wiki tatu, karo ya Januari itatoka wapi? Kijana alikuwa akitarajia kuingia kidato cha kwanza. Akaniambia, "Dada, wewe unakaa Nairobi, samaki unamjua akiwa kwenye sahani." Sikumjibu, kwa maana hofu yake haikuwa ya bure. Mtu anayekula kutokana na kazi ya siku haambiwi apumzike wiki tatu kwa urahisi.

Tulipeleka kesi kwa mama, Mwala. Mama hakutaka kusikia habari za mbao wala bati. Aliuliza jambo moja tu: huyo mtoto anajua kuogelea? Hakuna aliyejibu. Asubuhi yake mbuzi wawili waliuzwa, na mashua ikapanda nchi kavu.

Tulipong'oa bati, mti wa chini yake ulikuwa kama mkate uliotiwa chai. Niliingiza kisu hadi kwenye mpini. Ngoja nieleze sababu, maana wengi huamini bati ni dawa. Mbao huozeshwa na kuvu, na kuvu huhitaji unyevu na hewa kwa pamoja. Bati lililopigiliwa juu ya mbao tupu huacha upenyo mwembamba. Maji ya mvua na ya bwawa huingia humo na hayapati njia ya kutoka. Misumari ya kawaida nayo hushika kutu, matundu yake yakapanuka, kila tundu likawa mfereji. Na adui mkubwa zaidi kuliko maji ya nje ni maji ya mvua yanayolala ndani ya mashua. Maji ya chumvi huzuia kuozaoza kwa kiasi fulani, lakini maji matamu hayana huruma hiyo.

Pwani wana adui wao mwingine, mdudu wa baharini anayetoboa mbao kutoka ndani hadi ubao ubaki kama sega la nyuki. Ndiyo maana wenyeji wa Lamu na Unguja hupandisha vyombo, wakachoma sehemu ya chini kwa moto wa makuti, kisha wakaipaka mafuta na chokaa. Na kabla ya misumari kuenea walikuwa na mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi tangu omo hadi tezi. Ulivuja sana, watu wakikumba maji usiku na mchana, lakini ulipogonga ufuo mbao zilisogea kidogo badala ya kuvunjika. Mitepe ilikwisha kuundwa mwanzoni mwa karne ya 20. Mfano wake uliundwa Zanzibar mwaka 2003 na kuwekwa Beit al-Ajaib, jumba ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Huwa nasikitika nikiukumbuka.

Turudi Masinga. Kutafuta mahali panapovuja ni kazi ambayo watu huifanya kinyume. Hulala chini ya mashua wakichungulia nyufa. Baba alitufundisha kuiweka mashua juu ya magogo, ikauke nje, kisha kumwaga ndoo kadhaa za maji ndani. Maji yatakuonyesha yenyewe. Kijana alitembea chini na kipande cha kaa la moto lililozimika, akiweka alama kila tone lilipotokea. Usijaze hadi juu, kwa sababu mashua imeundwa kusukumwa na maji kutoka nje, na uzito mkubwa ndani yake ikiwa nchi kavu unaweza kuiachanisha. Matone mengi yalitoka kwenye mshono kati ya mkuku na ubao wa kwanza, hasa karibu na omo. Ndivyo ilivyo kwa mashua nyingi, kwani kila mkuku unapogonga jiwe mshono huo ndio unaotikisika.

Ulipofika wakati wa kalafati, yaani kuziba mishono, nilimwona kaka anataka kuonyesha nguvu zake. Pamba husokotwa kama utambi, hulowekwa mafuta, kisha huingizwa mshononi kwa patasi butu na nyundo nyepesi. Mtu asiyejua hupigilia hadi pamba iwe ngumu kama mti. Lakini mbao zilizokaa juani zimesinyaa. Zikirudi majini zitavimba, na pamba iliyoshindiliwa haitazipa nafasi, hivyo zitasukuma misumari nje au kupasua mataruma. Wahenga walituonya kuhusu ufa na ukuta, lakini hawakuwa na mashua. Ufa mwembamba wa mashua kavu huzibwa na maji yenyewe. Mashua iliyokaa nchi kavu huachwa maji ya kina kifupi siku moja au mbili, ijae, inywe, ivimbe, ndipo ikumbwe na kupakiwa watu. Mwenye haraka anayeisukuma na kuondoka siku hiyo hiyo ndiye anayerudi akiogelea, kama anaweza.

Kipande cha omo kilichooza tulikikata hadi tukafikia mti mzima, tukaunga kipya. Kisha tukafanya lile lililonileta kuandika: tukauvisha mkuku kiatu. Ni utepe wa mti mgumu unaofungwa chini ya mkuku na kupanda kidogo mbele ya omo, ili mawe yale kiatu badala ya kula mguu. Mti tuliupata Wamunyu, tarafa ya kwetu, kwa mzee mmoja mchongaji. Wamunyu, kama hukujua, ndiko uchongaji wa Wakamba wa kuuza ulikoanzia, baada ya Mutisya Munge kurudi na ufundi huo kutoka Tanganyika alikokuwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Siku hizi mpingo na muhuhu vimeadimika na wachongaji wengi hutumia mwarobaini, mwembe na jakaranda, lakini mzee alikuwa na ubao wa muhuhu aliouhifadhi miaka mingi. Muhuhu ni mzito na haulainiki upesi. Alituuzia huku akishangaa, kwani hajawahi kuuza mti kwa mtu wa mashua.

Tulitumia skrubu zilizopakwa zinki, si misumari, ili kiatu kikichakaa kitoke bila kuumiza mkuku. Matundu ya zamani tulichomeka vijiti kwanza. Kati ya kiatu na mkuku tulipaka lami nyembamba, moto, juu ya mti mkavu kabisa. Lami haishiki mbao mbichi. Kaka alipendekeza faibaglasi kama alivyoona kwenye boti za watalii. Ni nzuri kwenye chombo kilichoundwa kwayo, lakini juu ya mbao kuukuu zinazovimba na kusinyaa huachia pembeni, na maji yakishapenya humo tumerudi kwenye habari ya bati. Kipande cha tairi tulikiweka juu ya omo, mahali inapogongana na mashua nyingine. Chini hakifai, hukwama kwenye kokoto.

Kazi yote ilichukua siku 16. Karo ililipwa wiki ya tatu ya shule, kijana akiwa amechelewa kuripoti, na mama alimtuma kwa barua kwa mwalimu mkuu. Kopo la kukumbia bado limo mashuani, kwani hakuna mashua isiyohitaji kopo, lakini sasa huchukua maji ya mawimbi na mvua tu. Jioni mashua huvutwa juu ya magogo matatu ya mviringo, na hulala imeinamishwa ili mvua isitulie ndani. Kila likizo kijana hupima unene wa kiatu kwa msumari aliouwekea alama. Kikibaki unene wa kidole kitatolewa. Ubao wa pili wa muhuhu uko darini kwa mama, Mwala, unakauka.