Safari ya Msimbati: mkulima, usiipite mikoko bila kuiangalia



Wengi wetu tukisikia hifadhi tunawaza tembo na simba wa mbali. Hapa Mtwara tunayo yetu: Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 650, sehemu kubwa ikiwa bahari, na ndani yake mna vijiji, minazi na mikorosho.

Nilikwenda na wakulima wachache kupitia Madimba hadi Msimbati. Tulichagua siku ya bamvua, maji yanapokupwa sana asubuhi ya saa nne hivi. Mchanga ni mweupe na bahari inapendeza, lakini mimi niliwapeleka kwenye mikoko.

Mle utaona mkoko wenye mizizi kama miguu ya buibui, mkandaa wa kujengea, na mchu ambao nyuki wanapenda maua yake. Kamba na samaki wadogo hujificha humo mpaka wakue. Mizizi hushika tope na kuvunja nguvu ya mawimbi kabla hayajafika mashambani.

Mama mmoja tuliyekuwa naye analima mpunga karibu na mkono wa bahari. Juu ya shamba lake mikoko ilikwishafyekwa na watu wa chumvi, na sasa maji ya bamvua huingia. Kona ya chini haitoi kitu huu mwaka wa tatu. Hata hivyo aliniuliza: “Bwana shamba, nguzo za kibanda changu zimeoza, na mkandaa uko pale. Nisipokata, nijenge na nini?”

Swali lake ni la haki. Kukata mikoko bila kibali ni kosa, lakini katazo peke yake halisimamishi kibanda. Nilimjibu hivi, nawe lichukue:

1. Panda mvinje mpakani mwa shamba. Unastahimili mchanga na upepo wa bahari, na baada ya miaka minne mitano unapata nguzo.

2. Kwa sasa nunua nguzo kwa muuzaji mwenye kibali, na udai risiti.

3. Mpunga ukikauka ncha za majani, na udongo ukiota weupe ukikauka, shuku chumvi. Tengeneza tuta, kisha ruhusu maji ya mvua yaoshe shamba kabla ya kupandikiza.

4. Weka mizinga karibu na mikoko. Unapata asali bila kukata mti.

Nawe mfanyabiashara, mgeni anayefika Msimbati anatafuta samaki wa kuchoma, dafu, korosho zilizobanguliwa vizuri na mtu wa kumwongoza. Usimuuzie makombe wala matumbawe.

Ukitaka kwenda, uliza kiingilio kwenye ofisi ya hifadhi kabla ya kuondoka, angalia mwezi ujue bamvua, na vaa viatu vya kuingilia tope. Nendeni kikundi kizima ili mgawane nauli.

Yule mama ameniambia miche ya mvinje ataipanda masika haya, kuanzia kona ileile isiyozaa. Nimemshauri aanzie juu kidogo, penye mchanga.