Taa Zitapumulia Wapi?

Mvua za kwanza zikishanyesha Kasulu, kumbikumbi hutoka ardhini jioni na kufuata mwanga. Utotoni tulikuwa tunaweka beseni la maji chini ya taa, wanatumbukia, asubuhi Mama anawakaanga kwa chumvi. Enzi hizo umeme wa mji ulitoka kwenye majenereta ya dizeli, na mara nyingi taa yenyewe ilikuwa karabai.

Mwaka 2022 Kigoma ikaunganishwa na gridi ya taifa. Nami, mwandishi wa habari niliyezoea dari za hoteli za semina, nikaamua nyumba ya Mama nayo ing'ae. Tukapiga jipsamu, tukatoboa matundu 12 ya spotilaiti. Mama aliuliza swali moja tu: "Kwani balbu yangu ina kosa gani?" Nikacheka.

Bati lilikuwa linapiga kelele wakati wa mvua na kuchoma mchana. Nikamwambia fundi ajaze juu ya dari vipande vya magodoro ya sponji yaliyokuwa stoo. Hiyo ilikuwa akili yangu, si yake. Yeye aliuliza, "Bosi, sasa taa zitapumulia wapi?" Nikamjibu kwamba za LED hazina joto.

Si kweli. Hazichomi kama zile za halojeni za wati 50, lakini joto lao hurudi nyuma, kwenye mgongo wa taa, na kile kiboksi cha kubadilisha umeme nacho hupata moto. Ukivifunika, vinajipika. Na sponji hushika moto upesi, moshi wake una sumu.

Novemba, saa tano usiku, Mama akanipigia Dar. "Mwanangu, kuna kitu kinaungua. Kinanukia kama kumbikumbi." Nilikuwa nakimbizana na habari ya kesho. Nikamwambia ni harufu ya jikoni, alale tu.

Hakulala. Alizima meini swichi, akambeba mjukuu, wakakaa kibarazani chini ya blanketi mpaka kukakucha. Hayo niliambiwa na jirani.

Jumamosi nikafika. Fundi mwingine, wa Kibondo, alipanda darini na kuniita nione. Kumbikumbi walipenya chini ya bati, wakafuata mwanga uliovuja pembeni mwa taa, wakarundikana juu ya kiboksi. Mabawa yamejaa kama maganda ya karanga. Sponji ilikuwa na shimo jeusi la ukubwa wa kiganja.

Akatoa sponji yote. Taa nane tukaziondoa na kuziba matundu. Nne zilizobaki akazifunika kwa vyungu vya udongo kutoka sokoni, vimepinduliwa, kitako kimetobolewa na kuzibwa kwa wavu wa chuma ili joto litoke. Viboksi akaviweka nje ya vyungu, kwenye mbao, peupe. Chini ya bati akazungushia wavu wa dirisha. Kelele za mvua zikarudi.

Kazi yangu ni kuuliza watu na kuwasikiliza. Mama na fundi waliuliza maswali mawili mazuri kuliko yangu yote, na yote mawili niliyapuuza.

Novemba iliyofuata nilikwenda tena. Jioni Mama alizima spotilaiti zote nne, akawasha balbu ya kibarazani, akaweka beseni. "Hapa ndipo pao," akasema. Habari za usiku ule hakuzigusa. Asubuhi aliniwekea sahani iliyojaa, nikaimaliza.